Ubora na Upungufu wa Jasusi Soksi

11 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kelele, na lile bati la jikoni limepata mtu wa kulipigilia. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta wa njano, na jua likiupiga ule ukuta mchana, chumba kizima kinakuwa kama ndani ya yai. Kwanza niliona karaha, sasa nimekipenda. Kazini tumebaki watatu: mimi, Mchoraji, ambaye haongei mpaka amalize chai ya tatu, na dada mmoja mcheshi tunayemwita Kinanda kwa kuwa ndiye anayetupigia muziki.

Sasa nije kwenye shida yangu. Kifurushi kilichokuja na barua hii kina kompyuta yangu ya zamani na kidude chenye vitufe, cha kushika kwa mikono miwili. Ndani ya kompyuta kuna gemu tunayoitengeneza, huu mwaka wa tatu. Inaitwa Jasusi Soksi. Ni jasusi ambaye viatu vyake vinalia kama bata, kwa hiyo inabidi avivue na kunyata kwa soksi. Bosi wake hamtumi siri za maana. Anamtuma akalete mwavuli wa mkurugenzi, kijiko cha sukari cha balozi, meno ya bandia ya jenerali. Basi anapita kwenye majengo makubwa, anajificha ndani ya mapipa na chini ya meza, asionekane. Akikamatwa hapigwi. Anasindikizwa nje kwa heshima zote, mlango unafungwa, anaanza upya. Nusu ya kwanza ni hotelini, nusu ya pili kwenye jumba la makumbusho.

Wewe umetandika vitanda hotelini miaka ishirini na nane, ukapita kwenye zile korido bila kumwamsha mgeni hata mmoja. Hakuna jasusi anayekufikia. Nataka uicheze, kisha uniandikie ubora wake na upungufu wake bila kunionea haya. Kwenye simu huwa unasema "nzuri, mwanangu", halafu unauliza kama nimekula. Ukishika kalamu ndipo unasema kweli. Kampuni itakayoisambaza inaitaka mwezi wa nane.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao,
Sisimizi


16 Februari

Sisimizi wangu,

Marahaba, mwanangu. Magoti bado yanaimba, ila sasa yanaimba kwa zamu, la kulia asubuhi na la kushoto jioni. Bati limepigiliwa. Zamani mvua iliingia popote ilipotaka, siku hizi inaingia kwa mstari ulionyooka, nami naweka sufuria tatu tu. Wote hapa nyumbani hatujambo. Unajua wote wa hapa ni wangapi.

Kifurushi kilifika salama. Fundi redio wa mtaa wa pili alikuja kuniunganishia, akanionyesha kitufe cha kunyata, cha kujificha, na cha kupiga chafya. Nikamuuliza jasusi anahitaji chafya ya nini. Akasema, "Mama, hiyo ndiyo silaha yake." Nikadhani ananitania, mpaka nilipopiga chafya nyuma ya chungu cha maua, wahudumu wote wa mapokezi wakageuka kusema "afya", nami nikapita na mwavuli.

Nacheza saa nane mchana baada ya kuosha vyombo, wakati mtaa wote umesinzia. Pazia la sebuleni linavimba na kunywea kama linapumua, nami niko hotelini tena, nina miguu ya zamani. Jana niliinuka kwenda kuzima jiko, nikajikuta napita ukumbini kwa ncha za vidole.

Ubora. Kwanza, sauti ya soksi. Kwenye zulia haisikiki, kwenye vigae inasikika kidogo, kwenye mbao inalia kama mtu anayefunga mdomo asicheke. Ndivyo ilivyo. Pili, kile chumba chenye mvua ndani, mgeni amelala kitandani chini ya mwavuli na hajali. Sijakielewa na sitaki unieleweshe. Tatu, ile korido ndefu ya ghorofa ya nne ambako hakuna kinachotokea, mwanga tu unahama taratibu kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Nilisimama pale muda mrefu. Fundi redio aliyekuja kuniangalia akadhani kompyuta imeganda.

Upungufu. Kitoroli chako cha mashuka hakilii. Sijawahi kuona kitoroli chenye magurudumu manne yaliyo kimya, lazima moja liwe na malalamiko. Mhudumu wako anaingia chumbani bila kubisha hodi, angefukuzwa siku ya kwanza. Halafu umemwacha jasusi ajifiche chini ya kitanda, wakati mahali pa kwanza tunapotazama ni chini ya kitanda. Soksi za wageni zote zinaishia huko. Meneja anateleza kwenye maji mara tatu korido ileile: mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikatabasamu, ya tatu nikamhurumia mgongo.

Upungufu mkubwa ni huu: hakuna anayetafuta. Watu wako wanasikia kitu, wanasema "Nani huyo?", wanasimama kidogo, kisha wanasahau. Aliyesikia kitu kwa kweli hasahau hivyo, mwanangu. Anarudi. Anafungua kabati ambalo ameshalifungua.

Sijafika makumbusho. Umekula?

Shangazi yako


8 Machi

Shangazi,

Shikamoo nyingi. Barua yako niliwasomea wenzangu kwa sauti. Mchoraji alicheka kabla ya chai, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nimekula, na nakula vizuri. Hapa baridi imepungua, nimeanza kufungua dirisha.

Kitoroli sasa kinalia. Kinanda alikwenda dukani na kinasa sauti, akasukuma vitoroli kimoja kimoja mpaka akapata chenye malalamiko ya kutosha. Mhudumu anabisha hodi. Chini ya kitanda pamekuwa mahali pabaya kuliko pote, na inachekesha zaidi, kwa sababu kila mchezaji mgeni hukimbilia huko. Meneja anateleza mara moja tu, kisha anaweka kibao cha onyo na kuteleza kwenye kibao.

Lakini hilo la kutafuta linanipa taabu. Tulijaribu. Walinzi wakitafuta kwelikweli, mchezaji anakasirika na kucheka kunakwisha. Watu wanataka kuwadanganya wajinga, Shangazi. Wanarudi nyumbani wamechoka, wanataka saa moja ya kuwa werevu kuliko mtu.

Subiri ufike makumbusho. Huko utakutana na Mzee Sinzia. Katika watu arobaini tuliowapa wajaribu gemu, thelathini na saba wameandika kwamba yeye ndiye aliyewachekesha kuliko wote. Analala kitini na kofia usoni, anaota kwa sauti, akiamka anaangukia ndoo. Kampuni inataka kuweka picha yake mbele kabisa. Yeye ndiye atakayeibeba gemu hii.

Niandikie upesi ukimwona.

Sisimizi


27 Aprili

Mwanangu Sisimizi,

Najua ulisema upesi. Hujambo? Hapa mvua zimekwisha, sufuria zimerudi jikoni. Paka wa jirani amezalia kwenye kapu langu la nyuzi, kwa hiyo sishoni. Goti la kushoto limejiunga na la kulia, sasa yanaimba pamoja.

Nilifika makumbusho mwezi uliopita, nikasimama wiki tatu bila kucheza. Nimeendelea juzi. Nitakuandikia niliyoyaona, na mengine utaniwia radhi.

Ubora wa makumbusho yako ni kwamba kila chumba kinafungukia mahali ambapo hapawezekani. Nilipita mlango wa chumba cha vinyago nikatokea juu ya ziwa lililotulia, kumbe ni sakafu iliyopigwa nta. Kile chumba cha saa, ambamo kila saa ina wakati wake na Soksi akipita mbele yake kivuli chake kinakuwa cha mtoto au cha mzee, nilikirudia mara nne. Na kile cha chini, chenye mapazia mekundu yaliyokunjwa na kurundikwa mpaka dari. Jasusi akijificha humo kila kitu kinanyamaza, hata muziki, inabaki pumzi tu. Hicho ndicho bora kuliko vyote. Umekitoa wapi?

Upungufu. Mlinzi wako, yule wa kofia. Funguo zake zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Akitembea, mguu wa kulia unatazama nje. Akiamka anapiga mluzi kupitia meno. Siku nilipomfikia sikuwa peke yangu sebuleni. Kulikuwa na mtu kwenye mlango, ameegemea, na alicheka mlinzi alipoangukia ndoo, alicheka vizuri tu. Kisha ule mluzi ukalia. Akauliza, "Hii kaitengeneza nani?" Nikamwambia. Akasema, "Ana macho," akatoka kumwagilia maua. Alimwagilia mpaka maji yakaingia kwa jirani.

Nakuomba umbadilishe mlinzi huyo. Usiniulize sababu, niliahidi kutoisema.

Shangazi yako


10 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi nyingi, pole na magoti.

Nilikuomba upungufu wa gemu. Wewe unaniomba nifute kitu pekee kinachofanya kazi, na sababu huitoi.

Ndiyo, mlinzi huyo ni Baba. Sikuona haja ya kuficha. Alilala kitini makumbusho saa nane mchana, saa ya fedha ikaibwa nyuma ya mgongo wake, tukatolewa kwenye nyumba za wafanyakazi tukaja kwako na magodoro mawili. Shuleni niliitwa Binti Usingizi mpaka namaliza. Siku niliyoondoka nilimwambia yote hayo mezani, wewe ukiwepo, na yeye akaendelea kumenya chungwa. Miaka sita sasa. Mtu asiyekujibu, Shangazi, utamfanya nini? Mimi nimemfanya achekeshe. Nilidhani huo ni upole.

Chumba cha mapazia ni ndoto yangu ya utotoni. Niko ndani ya kitambaa chekundu, kinanuka vumbi na nta, ni joto na ninaelea. Kutoka mbali sana kuna mtu anapiga mluzi, mara karibu, mara mbali, nami nataka kuitika lakini mdomo umejaa usingizi. Basi. Haina mwisho. Nimeiota mara nyingi hata sijui ilianza lini.

Mzee Sinzia anabaki.

Sisimizi


1 Juni

Mwanangu,

Hapa wote wazima. Leo sina habari nyingine.

Kabla sijashika kalamu nilikwenda kumwona baba yako uani, alikuwa anapaka rangi kiti.

Nikamwambia, "Kaka, nimeamua kumwambia mtoto."

Akasema, "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana akiwa na miaka tisa. Sasa ana thelathini kasoro."

"Mwache acheke. Mtu akicheka jambo, limeshampita."

"Halijampita. Anaota mapazia."

Akaacha kupaka. "Mapazia gani?"

Nikamsomea barua yako, kile kipande cha mapazia tu. Akasikiliza hadi mwisho, akachovya brashi, akapaka mguu wa kiti ambao alikuwa ameshaupaka. Hakunikataza tena.

Basi sikiliza. Ile si ndoto.

Ilikuwa likizo ya shule. Mama yako alikwishafariki, mimi nilikuwa zamu ya mchana hotelini, hapakuwa na wa kukuachia. Watoto hawakuruhusiwa ndani ya makumbusho wakati wa kazi, lakini alikuingiza kwa mlango wa nyuma siku nne mfululizo, ukakaa chumba cha walinzi na daftari lako la kuchorea. Siku ya nne, baada ya chakula, akaja kukuangalia, hakukuta mtu. Wewe ulikuwa mtoto wa kupenya popote. Jina la Sisimizi yeye ndiye aliyekupa.

Aliacha kiti chake kwenye chumba cha saa akaenda kukutafuta. Hakuweza kuita, wangesikia wakubwa, ndiyo maana alipiga mluzi wake waliouzoea. Alitafuta jumba zima, vyumba vyote, chini ya kila meza. Alikukuta ghala la chini. Walikuwa wameyashusha mapazia ya ukumbi kwa ajili ya kufuliwa, nawe ulijichimbia humo ukalala fofofo. Akakubeba hivyohivyo, usingizini, akakupeleka kwa mama jirani kule nyumba za wafanyakazi, aliyekuwa amerudi safari asubuhi hiyo. Uliamkia huko, ndiyo maana hukumbuki kwingine. Aliporudi juu, kabati la kioo lilikuwa wazi na saa haipo.

Wakamuuliza alikuwa wapi. Angesema alikuwa anakutafuta, wangeita mtoto. Wangekukalisha kwenye kiti cha ofisini, miguu haifiki chini, wakuulize ulipita mlango gani, nani alikutuma, nani alikupa peremende. Mwizi hajapatikana mpaka leo, na jina lako lingebaki kwenye faili la ule wizi. Basi akawaambia, "Nililala." Neno moja. Wakaandika, akatia sahihi.

Kwa hiyo upungufu wa mlinzi wako ndio huo. Umemlaza mtu ambaye siku ile alitafuta kuliko watu wote niliowahi kuwajua.

Usinijibu haraka.

Shangazi yako


19 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo, nimekwenda kusimama dirishani, nimerudi. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa nakwenda kazini, nakaa, narudi. Mchoraji akaniuliza, "Unaumwa?" Nikasema ndiyo. Kila asubuhi nilikuta kikombe cha chai mezani pangu.

Nilikuwa natembea mjini mchana naona kila kitu kimepoa na kiko mbali, kama niko nyuma ya kioo cha maonyesho. Nilijaribu kukumbuka mikono yake ikinibeba. Sikuweza. Nakumbuka mluzi tu, na lile joto.

Wiki ya tatu nilifungua lile faili la mlinzi. Nilimfuta jina. Nilimtoa kitini. Kampuni nimeiomba muda, wamenuna, wametupa mpaka mwezi wa kumi. Sasa ni hivi: Soksi akiingia makumbusho anaona kiti kitupu na kofia juu yake. Mlinzi anazunguka. Anafungua makabati, anafungua tena yaleyale. Mchezaji anadhani anatafutwa yeye, anajificha, moyo unadunda. Mlinzi anafunua pazia, anamwona jasusi uso kwa uso, anasema, "Samahani," anashusha pazia na kuendelea na mluzi wake. Hamtafuti yeye.

Ubora na upungufu, kama ulivyonifundisha. Vicheko vimepungua. Hakuna tena anayeandika kwamba alicheka mpaka akalia. Sehemu ya makumbusho imekuwa ndefu, na asiye na subira ataichoka. Lakini mjaribu mmoja, mama wa makamo, aliacha kazi ya jasusi kabisa akamfuata mlinzi saa nzima, chumba hadi chumba, kwa kunyata. Mwisho akaniuliza, "Atampata?" Nikaenda chooni.

Nimeituma hiyo mpya. Nimeanza barua kwa Baba mara kumi na moja. Sivuki shikamoo. Shangazi, ni mimi niliyemfukuzisha kazi. Ni mimi niliyelala. Nami nikamwita Sinzia mbele za watu. Nataka kuja, lakini sijui nitaingiaje kwenye ile nyumba.

Sisimizi


10 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Kwanza, paka wamegawiwa, kapu limerudi, nakushonea kitu usichokihitaji.

Gemu mpya ilifika Alhamisi. Niliiwasha saa nane kama kawaida, na baba yako akaja na kiti chake, kile alichokipaka rangi, akakiweka karibu na changu.

"Cha kutembea ni kipi?" akauliza.

Nikampa kidude. Sijawahi kuona jasusi mbovu kama huyo. Hanyati. Anapita katikati ya korido, taa zikimmulika, anatafuta mtu wa kumsalimia. Alitolewa nje mara tisa kabla ya kuvuka mapokezi. Mara ya tisa akasema, "Hawa wanafanya kazi yao vizuri," akaniachia mimi mpaka tulipofika makumbusho. Hapo akadai kidude chake.

Alimfuata mlinzi, kama yule mama mjaribu uliyemtaja. Mwanga wa kioo ulikuwa usoni mwake, pazia linapumua, na mimi sikujua tena tuko mwaka gani. Mlinzi alipofungua kabati lilelile mara ya pili, baba yako akasema polepole, "Nilifungua mara tatu." Kisha mlinzi akafunua pazia, akasema samahani. Baba yako akacheka, mwanangu. Alicheka mpaka akavua miwani.

Nikamwambia, "Haya, ubora na upungufu, mtoto anasubiri."

Akasema ubora ni kwamba mlinzi anatembea kama mtu mwenye kazi. Upungufu ni kwamba funguo ziko mkono wa kushoto, zinatakiwa ziwe wa kulia. Na kofia hataiacha kitini, ataivaa. "Halafu amemfanya mwema mno," akasema. "Watu watamchoka. Mwambie amrudishie ile ndoo. Ilikuwa nzuri, ile ndoo." Mimi naungana naye. Kazini hakulala, lakini hapa nyumbani anakoroma mpaka bati linaitika, usije ukamfanya malaika.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Ameiandika siku mbili. Ameiziba kwa gundi pande zote, kwa hiyo sijaisoma, na imenigharimu.

Shangazi yako


10 Agosti

Binti yangu,

Mimi si mtu wa barua. Miaka yote niliandika "hali shwari" kwenye daftari la zamu, nikatia sahihi. Nivumilie.

Aliyokueleza shangazi yako ni kweli, ila si yote, kwa sababu hata yeye sikumwambia yote. Anadhani nilipokukuta nilikubeba papo hapo. Sivyo.

Nilipolifunua lile pazia ulikuwa umelala mdomo wazi, kiatu kimoja kimetoka. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshakupoteza, nimeshaiona barabara, nimeshaliona gari. Nikakaa sakafuni kando yako. Nilijua kiti changu hakina mtu. Nikasema nitahesabu pumzi zako kumi, ndipo niinuke. Nilipofika kumi nikaanza tena moja. Sijui nilianza mara ngapi. Kulikuwa na dirisha dogo juu, vumbi linaelea kwenye mwanga polepole sana, jumba lote kimya, na sikuwa na haraka ya kitu chochote. Nadhani saa iliibwa wakati huo.

Kwa hiyo usiseme ulinifukuzisha kazi. Ningekubeba mara moja, pengine ningemkuta mwizi mlangoni. Nilikaa kwa hiari yangu. Nilipowaambia nililala, sikuona kama nimedanganya sana. Na tangu siku ile sijawahi kujutia kukaa pale, hata tulipokuwa tunafunga magodoro.

Nilichokosea ni siku ile ya mezani. Niliona nikikujibu nitakutwika mzigo, nawe ulikuwa umeshabeba begi. Ningekujibu. Miaka sita ni mingi.

Unauliza utaingiaje. Mlango wa mbele umevimba kwa mvua za mwaka huu, unakwama. Ukifika, sukuma kwa bega, nami nitavuta kwa ndani.

Baba yako